Risasi ikipiga mshipa wa damu: mwongozo kamili toka shambani mpaka thieta, kwa sisi wa huku Mtwara na Lindi

Naandika hii kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe ambaye sio mtu wa afya kabisa, uko Kitaya au Kilambo au Mahurunga huko kandokando ya Ruvuma, una bodaboda yako au mikorosho yako, na siku moja mtu anaanguka na risasi mbele yako. Wa pili ni mwenzangu ofisa tabibu, nesi au daktari wa wilaya ambaye utaletewa huyo mtu usiku wa manane na bingwa wa mishipa hayuko karibu. Mi nimekaa thieta miaka mingi huku kusini, na kitu kinachoniuma mpaka leo ni kwamba wengi niliowaona wakipoteza mguu au roho kwa risasi ya mshipa sio kwamba risasi ilikuwa mbaya kupita kiasi, ni saa tu. Saa iliachwa ikatembea wakati watu wanatafuta gari, wanatafuta fomu, wanabishana.

Na sio habari ya mbali hii. Vita ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, ilianza Oktoba 2017 hapo ng'ambo tu, Oktoba 2020 Kitaya ikavamiwa, Machi 2021 mji wa Palma huko Cabo Delgado ukashambuliwa na watu wakaukimbilia mto. Wazee wetu wanakumbuka ya nyuma zaidi, vita ya ukombozi wa Msumbiji 1964 mpaka 1974, majeruhi wanavushwa Ruvuma na kubebwa kwa machela, na FRELIMO, chama kilichopigania ukombozi huo, walikuwa na hospitali yao hapahapa Mtwara. Ukirudi nyuma zaidi kuna Mahiwa, Oktoba 1917, siku nne za mapigano ya Waingereza na Wajerumani karibu na Nyangao, majeruhi walikuwa maelfu, na enzi zile ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ikipigwa daktari alikuwa na mambo mawili tu, kuifunga kwa uzi au kukata kiungo. Sisi leo tuna zaidi ya hayo ila tuwahi.

Saa zenyewe ni mbili

Saa ya kwanza ni ya roho. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita tano, yani dumu moja la mafuta ya kula. Ateri kubwa ya paja ikikatika anaweza kumwaga ya kumuua ndani ya dakika tatu mpaka tano, na akishapoteza lita mbili yuko kwenye hatari kubwa hata kama bado anaongea. Saa ya pili ni ya kiungo. Misuli na mishipa ya fahamu ikikosa damu huku mwili una joto inavumilia kama masaa sita, baada ya hapo inakufa kidogokidogo na kila saa inayoongezeka unapunguza nafasi ya kuokoa mguu. Kwahiyo kila unachofanya jiulize hiki nakifanyia saa ipi, ya roho au ya mguu, na ya roho ndio inaanza siku zote.

Pale alipoangukia

Kwanza usiwe majeruhi wa pili. Kama bado wanapiga risasi jilaze, mwambie aliyeumia ajikandamize mwenyewe kama ana fahamu, mkipata upenyo mvute mpaka nyuma ya kitu kinachozuia risasi, ukuta wa tofali au shina nene, sio nyuma ya makuti.

Halafu chana nguo. Watu wanaona aibu kuvua nguo ya mtu mzima hasa akiwa mama au mzee, mwambie tu mama yangu nisamehe nataka nione damu inatoka wapi, chana, na angalia pande zote maana risasi ina tundu la kuingilia na mara nyingi la kutokea, na la kutokea linaweza kuwa ndilo linalomwaga. Gobore nayo ina mambo yake, wengine wanashindilia vipande vya nondo na misumari kwahiyo unakuta vitundu vidogo kumi na kila kimoja kimeenda njia yake, usidharau katundu kadogo kalikokaa karibu na kinena au nyuma ya goti.

Damu ya ateri ni nyekundu ya kung'aa na inaruka kwa kufuata mapigo, ya veni (mshipa unaorudisha damu moyoni) ni nyeusinyeusi inatiririka tu. Vizuri kujua ila usisimame kuchunguza, damu ikiwa nyingi zuia.

Kama ni mkono au mguu, funga turniketi, yani mkanda wa kubana kiungo damu isipite. Ile ya kiwandani kama ipo nzuri, kama haipo kunja kanga au kitenge kipate upana wa vidole vitatu, yani sentimita nne mpaka tano, zungusha juu ya jeraha kama sentimita tano mpaka saba kuelekea mwilini, usiiweke kwenye goti wala kiwiko chenyewe. Piga fundo moja, weka kijiti kigumu juu yake, hata mpini wa kisu au spana ya bodaboda, piga fundo la pili, halafu zungusha kijiti mpaka damu iache kabisa, sio ipungue, IACHE, kisha kifunge kijiti kisirudi. Ukiona kidonda kiko juu sana au kuna giza hujui kiko wapi, funga juu kabisa ya paja au mkono, karibu na mwili uwezavyo. Ikishindwa moja ongeza ya pili pembeni yake kwa juu.

Usitumie kamba ya katani wala kamba ya nazi wala waya. Kamba nyembamba inakata ngozi na inabana veni tu huku ateri chini inaendelea kuingiza damu, kwahiyo mguu unavimba na kumwaga zaidi kuliko ungeuacha. Na turniketi iliyobana sawasawa inauma sana, atakulilia uilegeze, mshike mkono, ongea naye, mpe moyo, ila usilegeze.

Hapo kwenye kulegeza nisimame kidogo. Kuna mafundisho ya zamani kwamba eti ufungue kila nusu saa mguu upumue. ACHENI. Niliwahi kupokea kijana, umri kama wa mdogo wangu wa mwisho, risasi ya mkononi juu kidogo ya kiwiko, alipitia kituo kimoja njiani na kule walikuwa wanamlegezea kila nusu saa kwa nia njema kabisa, kila wakilegeza damu inaruka wanabana tena, alipofika kwetu macho meupe kama chaki, mkono bado ungeweza kuokolewa lakini damu ya kumwokolea mwenyewe ilishaishia njiani. Takwimu za majeruhi wa Iraq zilionesha jambo hilohilo kwa upande mwingine, waliofungwa turniketi kabla hawajaingia kwenye shoki (mwili kuanza kuzimika kwa kuishiwa damu) walipona kama 90 kwa 100, waliofungwa baada ya shoki kuanza walipona kama 10 tu kwa 100. Funga mapema, acha ilivyo.

Sasa andika saa. Kalamu ya maka, lipstiki, mkaa, chochote, kwenye paji la uso au kwenye ngozi ya kiungo. Na andika kwa mtindo wa masaa 24, mfano T 14:40. Usiandike saa 8, maana wewe unamaanisha saa nane mchana, atakayepokea mbele anaweza kudhani ni saa mbili asubuhi, na kama ni ndugu wa ng'ambo wa Kireno ndio kabisa, tofauti hapo ni masaa sita na masaa sita ndio mguu wenyewe.

Kama jeraha liko kinena, kwapa au shingo, turniketi haikai. Pale unajaza. Chukua gozi (kitambaa cha hospitali cha kufungia vidonda), kama hakuna chukua kitambaa kisafi kilichopo, sukuma kwa kidole mpaka chini kabisa pale damu inapotokea, sio kufunika juu kama unafunika sufuria, jaza tabaka juu ya tabaka mpaka tundu lijae lisimeze tena, halafu kandamiza kwa viganja viwili na uzito wako wote dakika kumi bila kuchungulia. Ukichungulia unaanza upya. Kinena unaweza kupiga goti lako juu yake wakati unatafuta kitambaa. Risasi ya tumboni au kifuani inayomwaga ndani huna cha kuikandamiza pale ulipo, kazi yako ni mwendo tu.

Mfunike. Hata kama jua la Mtwara linawaka mfunike kanga, blanketi, koti, maana mwili ukipoa damu inashindwa kuganda, na mtu aliyemwaga damu anapoa haraka hata kwenye joto. Usimpe chai wala uji, anaenda kupasuliwa.

Usafiri. Najua barabara zetu na najua mara nyingi kilichopo ni boda, ila mshikaki wa kumbana majeruhi katikati ni hatari kwasababu hakuna anayeshika kidonda na yeye akizimia anateleza. Bajaji, kirikuu, pikapu ya korosho, bora. Alale chali, mtu mmoja kazi yake iwe kukandamiza na kuangalia kijiti, wa pili awe anapiga simu mbele. Jambo la PF3, fomu ya polisi ni ya lazima kwa jeraha la risasi lakini inafuata nyuma, mtu mmoja aende kituoni wakati majeruhi anaenda hospitali. Na usimuulize ni wa upande gani. Tangu Mkataba wa Geneva wa 1864 majeruhi anatibiwa kama majeruhi, kwetu sisi huyo ni mtoto wa mtu.

Kituo cha afya

Hapa naongea na wenzangu sasa. Njia ya hewa, upumuaji, mnajua, ila kwenye risasi ya mshipa damu inatangulia, kwahiyo ukimpokea cheki kwanza kama turniketi inashika kweli na kama gozi haijalowa upya. Weka kanula (sindano za dripu) mbili kubwa, sio kwenye kiungo kilichoumia. Chukua damu ya grupu na kros machi (kupima kama damu ya mtoaji inapatana na yake) papo hapo kabla hujafungua dripu.

Na dripu tafadhali, msiimwage. Nimeona mtu ametundikiwa lita tatu za saline (maji ya chumvi ya dripu) presha ikapanda ikawa nzuri kwenye chati, bonge la damu lililokuwa limeziba likang'oka, damu iliyobaki imekuwa maji ya waridi haigandi tena. Kama hajaumia kichwa ridhika na namba ya juu ya presha ikiwa 80 mpaka 90 au mapigo ya kwenye kifundo cha mkono yanayosikika na mtu anayejibu ukimuita. Anachohitaji ni damu. Waite ndugu, huku kwetu ukisema anahitaji damu ndugu wanajaa uwanjani, pima grupu, pima UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende, damu nzima iliyotoka kwa mtu muda uleule ni dawa nzuri kuliko zote kwasababu ina kila kitu cha kugandisha na ina joto. Ukishampa chupa kadhaa kumbuka kalsiamu.

Tranexamiki asidi, dawa ya kusaidia damu isiendelee kumwagika, gramu moja kwenye mshipa taratibu kwa dakika kumi, halafu gramu moja nyingine kwa masaa nane. Hii ilipimwa kwa wagonjwa zaidi ya 20,000 kwenye utafiti wa CRASH-2 uliotoka 2010, na inasaidia kama haijapita masaa matatu toka aumie, ikipita hapo usimpe maana inaweza kudhuru. Antibayotiki mapema, sindano ya pepopunda, na dawa ya maumivu, ketamini ni rafiki yetu huku kwasababu haishushi presha kama nyingine.

Turniketi ifunguliwe hapo? Kama haijafika masaa mawili, hayuko kwenye shoki, kiungo hakijakatika, na una gozi na mtu wa kukaa macho naye, unaweza kujaza kidonda vizuri, kukifunga kwa bandeji ya kubana, halafu ulegeze pole pole ukiangalia, damu ikirudi bana tena na usijaribu mara ya pili. Kama imepita masaa sita haiguswi nje ya thieta, sumu na potasiamu iliyojikusanya chini ikirudi kwa ghafla moyo unasimama.

Kwa kinena, kwapa na shingo kuna mbinu moja naipenda sana kwasababu vifaa vyake vipo kila kituo, katheta ya Foley, ile ya mkojo, namba 18 au 20. Ingiza ncha kwenye njia ya risasi mpaka mwisho, jaza puto maji mililita 10 mpaka 15 mpaka damu isimame, bana mkia wa katheta, na shona ngozi ikazane kuizunguka. Mtu aliyekuwa anakufa anatulia mbele yako.

Kidole chako ndio kipimo

Vua glavu ya nje kama zimekuwa mbili, pasha vidole joto, shika miguu yote miwili kwa pamoja. Mguu wenye ateri iliyoziba ni wa baridi kama samaki wa kwenye barafu, na baridi ina mpaka, unapandisha kiganja toka vidoleni unafika mahali unahisi hapa joto limeanza. Tafuta mapigo juu ya wayo katikati ya mstari wa kidole gumba na cha pili, tafuta nyuma ya kifundo cha ndani, linganisha na mwenzake. Muulize anahisi unavyomgusa katikati ya kidole gumba na cha pili, mwambie achezeshe vidole. Hisia zikianza kupotea saa imeenda.

Dalili za uhakika ni hizi: damu inaruka, uvimbe unaokua au unaodunda, mtetemo chini ya vidole kama simu iko vaibreshe mfukoni na mvumo kwenye stetoskopu, mapigo ya chini hayapo, mguu mweupe wa baridi wenye maumivu na ganzi. Ukikuta hata moja huyo anaenda thieta, usimzungushe kwenye vipimo. Dalili za mashaka ni risasi iliyopita karibu na mshipa, historia ya damu nyingi pale alipoumia, uvimbe mdogo uliotulia, au neva (mshipa wa fahamu) jirani imeumia. Huyo mpime presha ya kifundo cha mguu kwa dopla (kifaa cha kusikilizia damu inavyopita), gawanya kwa presha ya mkono usioumia, ikiwa chini ya 0.9 mchukulie kwamba ameumia mshipa. Huna dopla? Weka mkanda wa kupimia presha juu ya kifundo na ile oksimita ya kidoleni, ya kupimia oksijeni, iweke kwenye kidole cha mguu, lisha upepo mpaka wimbi lipotee, shusha taratibu, namba ambayo wimbi linarudi ndio presha yako. Rudia kila saa moja, usimwache akalala tu.

Kwanini urudie? Kwasababu risasi ya bunduki ya kivita inatoka kwa kasi kama mita 700 kwa sekunde na inapopita inasukuma nyama pembeni kama ngalawa inavyopasua maji. Mshipa unaweza usiguswe kabisa, kwa nje mzima, lakini utando wa ndani umechanika na kujikunja kama soksi ndani ya kiatu, damu inaganda hapo taratibu na mguu uliokuwa na joto saa mbili usiku unakuwa baridi saa sita usiku. Na mapigo yanaweza kusikika hata kama ateri imetoboka upande mmoja, kwahiyo mapigo peke yake yasikupe usingizi.

Upeleke au uanze hapohapo

Masasi mpaka Mtwara mjini ni karibu kilomita 200, Lindi mpaka Mtwara kama 110, Dar ni zaidi ya 500. Piga simu kwanza kwenye hospitali, Ligula, Rufaa ya Kanda pale Mitengo, Ndanda, Nyangao, Sokoine Lindi, uliza daktari wa upasuaji yupo na thieta iko wazi sasa hivi, usipeleke mgonjwa kwenye jengo. Piga hesabu toka saa ya risasi na sio toka alipofika kwako. Kama atafika kwa anayeweza kuunganisha ateri ndani ya masaa sita, mpeleke sasa. Kama hatafika na wewe una thieta na nusu kaputi, fanya mambo mawili ya kumwokoa mguu ndio umsafirishe: weka shanti (mrija wa muda wa kupitisha damu penye pengo) na pasua ala za misuli (fashiotomi).

Ndani ya thieta

Osha na funika mguu mzima toka kitovuni mpaka vidoleni na mguu mwingine pia, maana utahitaji veni ya huko. Kosa la kwanza la mtu mgeni ni kuingia kwenye kidonda moja kwa moja kwasababu ndiko damu iliko. Usiingie. Pasua mahali pazima juu ya jeraha, ipate ateri, izungushie kamba, nenda chini ya jeraha fanya vilevile, ndio sasa ufungue kidonda na turniketi ilegezwe. Kwa paja la juu anzia kinena. Mwenzako akandamize kwa kidole muda wote huo, kidole kimoja kilichokaa sawasawa kinazuia kuliko klampu tano zilizotupwa gizani, na hizo klampu za gizani ndio zinazobana neva na veni.

Ukishaikamata, amua: hii naifunga au naiunganisha? Zipo ateri unazoweza kufunga bila kujuta, moja kati ya mbili za kigasha kama nyingine inapiga, moja kati ya za chini ya goti kama nyingine ipo, ile ya ndani ya paja inayolisha misuli kama kuu ni nzima, na veni nyingi. Lakini ya kinena, ya paja, ya nyuma ya goti na ya juu ya mkono zipiganie. Madaktari DeBakey na Simeone walikusanya ateri 2,471 za wanajeshi wa Marekani wa vita ya pili ya dunia, taarifa yao ikatoka 1946, nyingi zilifungwa kwa uzi na kati ya waliofungwa karibu nusu walikatwa kiungo, za nyuma ya goti zilizofungwa zilizidi 70 kwa 100. Vita ya Korea walipoanza kuunganisha ikashuka mpaka kama 13 kwa 100, Vietnam hivyohivyo. Mguu uleule, risasi ileile, tofauti ni kuunganisha na kuwahi.

Shanti sio kitu cha ajabu. Kama huna za dukani kata kipande cha mpira wa dripu au mrija wa kulishia uliosafishwa, unaoingia bila kulazimisha. Toa mabonge ya damu kwanza, katheta ya Fogarty, ile yenye puto la kuvutia mabonge, namba 3 au 4 kama ipo, pitisha taratibu na puto lisijazwe kupita kiasi, halafu sukuma saline yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), uniti 5,000 kwenye mililita 500, mililita 20 mpaka 50 kuelekea chini. Ingiza mrija upande wa chini kwanza, fungulia wa juu hewa itoke, ingiza, funga kila upande kwa hariri nene na uzi mwingine katikati ya mrija usichomoke. Angalia wayo. Unapata rangi, unakuwa wa joto ukiwa umeushika, na hapo thieta nzima inashusha pumzi. Heparini ya mwili mzima usimpe kama ana majeraha mengine. Shanti inaweza kukaa masaa mengi, ukitoka hapo fundi wa mifupa anapata nafasi ya kuweka vyuma vya nje bila kukimbizana.

Kuunganisha kwenyewe: kata kingo za ateri mpaka uone utando wa ndani ulio laini na mweupe usio na michubuko, kama kuna nyama imechunika chini yake endelea kukata. Pengo likiwa dogo na zinakutana bila kuvutana shona mwisho kwa mwisho, likizidi kama sentimita mbili usizivute, chukua veni ya safena, ile ndefu ya upande wa ndani, ya mguu MWINGINE, igeuze kichwa chini kwasababu ina vali, damu ya ateri isipogeuziwa itagonga mlango uliofungwa. Grafti (kipande cha kuziba pengo) ya plastiki usiweke kwenye kidonda cha vita, kina udongo na vitambaa, kitaoza nayo. Uzi wa prolini 5-0 kwa paja na goti, 6-0 kwa mkono, kingo zikatwe kwa mshazari ili zisibane zikipona. Veni kubwa ya nyuma ya goti au kinena ikiwa rahisi irekebishe, ikiwa ngumu au mgonjwa amechoka ifunge.

Fashiotomi. Wenzangu wengi wanaiogopa kwasababu kidonda chake kirefu na kibaya kwa macho, ila misuli ikirudishiwa damu inavimba, na kigimbi kina vyumba vinne vya ala ngumu zisizotanuka, grafti yako nzuri itafungwa kwa nje na uvimbe. Ikipita kama masaa manne mpaka sita, au ni nyuma ya goti, au veni imefungwa, usisubiri dalili, fanya. Mipasuo miwili mirefu ya sentimita 15 mpaka 20, mmoja nje kama sentimita mbili mbele ya mfupa mwembamba, mmoja ndani kama sentimita mbili nyuma ya ukingo wa mfupa wa ugoko, vyumba vinne vyote vifunguke, kile cha ndani kabisa ndicho kinachosahaulika. Juu karibu na kichwa cha mfupa mwembamba kuna neva, ukiikata mguu utalegea wayo maisha yake yote. Msuli ulio hai ni mwekundu, unaruka ukiubana, haumeng'enyeki, unatoa damu ukiukata, usio hivyo uondoe.

Funika grafti kwa msuli ulio hai, na ngozi usishone. Jeraha la risasi linaachwa wazi na gozi nyingi kavu, linafungwa siku ya nne au ya tano.

Wodini

Saa 24 za kwanza nesi anashika mapigo ya wayo kila saa moja na anayaandika, weka alama ya maka pale yanaposikika ili wa zamu ya usiku asitafute upya. Yakipotea mgonjwa anarudi thieta usiku huohuo, sio asubuhi raundi ikipita. Mkojo uwe angalau nusu mililita kwa kilo kwa saa, ukigeuka rangi ya chai kavu hiyo ni misuli inayeyuka, ongeza maji na angalia figo na potasiamu. Mama yake au mke wake anayemlisha mfundishe kushika wayo, wao hawaondoki pale na watakuita kabla ya mashine.

Bandeji usiifungue kila siku kwa kutaka kuchungulia, subiri siku nne tano, isipokuwa kuna harufu, homa au damu. Na damu kidogo kwenye bandeji siku ya saba mpaka ya kumi usiidharau hata kidogo, tone la jioni linaweza kuwa mwito wa mmwagiko wa usiku, grafti imepata usaha, weka turniketi iliyolegea kitandani na uite thieta.

Akiruhusiwa mwambie arudi baada ya wiki tatu hata kama anatembea vizuri, na wale wa risasi ya karibu na mshipa ambao hawakupasuliwa nao warudi. Weka stetoskopu juu ya kovu usikilize. Ukisikia mvumo wa mfululizo kama mashine ya kusaga unga iliyo mbali, ateri na veni zimetoboana zikaungana, na ukishika uvimbe unaodunda chini ya kovu ni ateri iliyovuja ikajijengea mfuko. Usithubutu kupasua ukidhani jipu. Muandikie rufaa, chora mahali pa mvumo kwenye karatasi, andika tarehe ya risasi, na namba ya simu yako.